Kuweka, agizo au mkopo: duka la Lamu lichague njia gani ya lipa polepole?

Wazo lenyewe si gumu kulieleza. Mteja anakipenda kitu dukani, hana pesa zote, anaacha arubuni, na mwenye duka anakiweka kando kwa jina lake. Kila wiki au kila mwezi mteja analeta alichonacho. Siku anayomaliza ndiyo siku anayoondoka na mali yake. Hakuna riba, hakuna mdhamini, hakuna mtu wa kugongewa mlango. Kwa mji kama Amu, yaani mji wa Lamu, ambako wengi wanauogopa mkopo kwa ajili ya dini na wengi zaidi hawana mshahara wa kuonyesha benki, ni wazo linaloingia moyoni haraka. Ndiyo maana kila baada ya muda utamsikia mtu anayetaka kuligeuza kuwa biashara kamili.

Lisichanganywe na lipa mdogo mdogo. Safaricom ilipoanza kuuza simu kwa shilingi 20 kwa siku mwaka 2020, mteja alitoka na simu mkononi siku ya kwanza na deni likamfuata nyuma. Akiacha kulipa, simu inafungwa. M-KOPA ilikuwa imetangulia kufanya hivyo kwa taa za sola. Lipa polepole ni kinyume: mali ndiyo inayomngoja mteja. Hatari ya kutolipwa inamtoka mwenye duka, na mahali pake inakuja hatari nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka wameshaanza.

Nawaandikia wenye duka tayari, au wenye mtaji wa kufungua moja, wanaopima kama huduma hii itawalipa. Msimamo wangu nautoa mapema: inafaa Lamu, ila kwa mali chache, kwa misimu, na kwa sharti moja juu ya pesa za wateja ambalo asiyeliweza ni bora asianze.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kuweka hasa: mali ipo, umeinunua kwa mtaji wako, unaitenga stoo mpaka mteja amalize. Ya pili ni agizo: mteja analipa polepole vilevile, lakini hununui kitu mpaka afike kiwango mlichokubaliana, tuseme robo tatu ya bei, ndipo unaagiza Mombasa. Ya tatu ni mkopo wa duka, mteja achukue leo alipe kesho. Watu huziita zote lipa polepole, na hapo ndipo hesabu zinapoanza kuharibika, kwa sababu kila moja inakula mtaji kwa namna yake.

Stoo ndiyo swali la kwanza

Mtu aliyezoea miji ya bara akifikiria kuweka mali ya mteja, anafikiria chumba kikubwa nyuma ya duka. Mji wa kale wa Amu haukujengwa hivyo. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake umekatwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Seti moja ya sofa inakijaza chumba kizima na bado unahitaji njia ya kupita. Na kabla haijafika hapo imeshateremshwa kwenye lori Mokowe, gati ya upande wa bara, ikapandishwa boti, ikateremshwa gatini, ikapewa hamali aisukume kwa mkokoteni kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kila mkono unaogusa mzigo unalipwa. Ukiihamisha sofa hiyo kutoka dukani kwenda stoo ya kukodi kule Langoni, halafu kutoka stoo kwenda kwa mteja Mkomani, umelipa hamali mara mbili kwa mali ileile.

Kuna na unyevu. Chukua godoro jipya, bado lina nailoni yake, limesimamishwa ubavu dhidi ya ukuta wa matumbawe na chokaa tangu Januari. Masika ikiingia, nailoni inatoa jasho kwa ndani. Pembe iliyogusa ukuta inaanza doa la rangi ya chai, halafu harufu. Mwezi wa sita mteja anakuja na malipo ya mwisho, analifungua mbele yako, na kila kitu alichokuamini nacho kiko pale kwenye ile pembe. Jiko la gesi halikai salama zaidi: hewa ya chumvi inaanza na skurubu, inafuata vichomeo. Friji isiyowashwa, mlango wake umefungwa miezi minne, inashika ukungu kwenye mipira.

Hasara hiyo ni ya nani? Hili lisiachwe lijitatue lenyewe. Afrika Kusini wameliandika katika Sheria yao ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2008, kifungu cha 62: mali iliyowekwa kwa ajili ya mteja iko kwenye hatari ya muuzaji mpaka siku mteja anapoichukua. Muuzaji akishindwa kuitoa, anaweza kutoa nyingine inayolingana au iliyo bora zaidi mteja akikubali. Mteja akitaka pesa zake, anarudishiwa na riba ikiwa sababu ilikuwa nje ya uwezo wa muuzaji, na mara mbili ya alicholipa ikiwa haikuwa hivyo. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, lakini katika mji ambao habari inafika kijiji cha Shela kabla yako, usingoje sheria. Andika kwenye kadi ya mteja kwamba mali ikiharibika stoo, hasara ni ya duka. Ukiona uzito kuliandika neno hilo kwa ajili ya godoro, basi godoro si mali ya kuweka miezi sita.

Hata wenye maghala makubwa wameona uzito huu. Huko Marekani mtindo huu ulienea miaka ya 1930 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Walmart waliuondoa mwaka 2006 wakieleza kwamba wateja wamepungua na gharama zimepanda, wakaurudisha 2011 kwa msimu wa sikukuu tu, na 2021 wakauacha tena, wakashika ununuzi wa mkopo kupitia kampuni ya Affirm. Ninachokiokota hapo ni yale maneno "msimu wa sikukuu tu". Kama duka la ukubwa ule liliona haifai kuweka mali za watu mwaka mzima, sisi wenye vyumba vya boriti tuna sababu zaidi.

Hesabu ya friji moja na hesabu ya sanduku moja

Tuseme friji imekufikia dukani kwa shilingi 30,000, usafiri ukiwemo, na unaiuza 36,000. Mteja anaacha arubuni 6,000, kisha 7,500 kila mwezi kwa miezi minne.

Kwa njia ya kuweka, ukizihifadhi pesa za mteja bila kuzigusa kama inavyotakiwa, shilingi 30,000 zako zimelala miezi minne. Mwisho unapata faida ya 6,000, toa stoo, toa hamali. Mtaji huohuo ukiuzungusha kwenye unga, mafuta na sabuni, tuseme kwa faida ya asilimia 8 kwa mwezi, ungeleta 2,400 kila mwezi, yaani 9,600 kwa miezi hiyo minne. Friji imekurudisha nyuma, na hujahesabu ukungu.

Kwa njia ya agizo, picha inageuka. Arubuni na malipo matatu ni 28,500. Robo tatu ya bei imeshapita, unaagiza, na mfukoni mwako unaongeza 1,500 tu. Friji inafika kabla ya malipo ya nne. Faida ni ileile 6,000, lakini mtaji wako haukulala.

Sasa chukua mali nyingine: vifaa vya mtoto anayekwenda shule ya bweni Januari. Sanduku la bati, godoro dogo, mashuka, ndoo, kufuli. Tuseme vyote kwa pamoja vimekugharimu 5,000 na unauza 7,000. Ukianza kuwawekea wazazi mwezi wa tisa, mtaji umelala miezi minne na umeleta 2,000. Kwa unga na sabuni 5,000 hizo zingeleta 1,600. Hapa kuweka kumeshinda. Vitu hivi vinapangika kimoja ndani ya kingine, na siku ya kuchukuliwa inajulikana na kila mtu, wala haiahirishwi. Godoro lenyewe linakaa miezi ya vuli na kiangazi, halifiki masika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu anayekuja na wazo hili si "wateja watapenda?" Watapenda. Muulize faida ya kila bidhaa ukiilinganisha na miezi itakayokaa stoo. Mali yenye faida nyembamba na umbo kubwa isiwekwe, iagizwe.

Pesa za wateja zikae wapi

Agizo lina ubaya wake, na si mdogo. Anayewekewa sufuria anaziona. Akipita dukani anachungulia, anazigusa, anaondoka ametulia. Anayelipia agizo haoni chochote ila karatasi. Miezi mitatu mizima duka lina pesa zake na rafu haina friji. Hapo biashara yako haiwi tena ya friji, inakuwa ya kutunza pesa za watu, na ndiyo ile hatari niliyosema wengi hawaioni.

Kishawishi kinakuja pole pole. Kuna 80,000 za wateja kwenye simu, kuna mzigo wa bei nzuri Mombasa, na unajua wiki ijayo utazirudisha. Duka la kawaida linaweza kupona kwa namna hiyo kwa sababu wateja wake hawaji siku moja. Wateja wa lipa polepole wanakuja siku moja. Wote wamepanga kumaliza kabla ya Idi, au kabla ya harusi za Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani), au wiki ya kufungua shule. Watu kumi na tano wakisimama mbele ya meza yako ndani ya wiki moja, kila mmoja na kadi iliyojaa, hakuna mzigo unaoweza kuuza kwa haraka kiasi hicho. Na wale kumi na tano ni majirani wa mama yako.

Sharti langu basi ni hili: pesa za wateja zikae akaunti yake peke yake, isiyolipa kodi ya pango, isiyolipa hamali, isiyonunua chochote ila mali ya mteja mwenyewe. Kupokea malipo, namba ya Paybill ya M-Pesa inafaa kuliko ya Till, kwa kuwa kila mteja anaweza kupewa namba yake ya akaunti na kila malipo yakaingia kwa jina lake bila kubishana. Asiye na simu anakuja na kadi, unaandika mbele yake, anatia saini na wewe unatia saini, na nakala inabaki kwenye daftari. Daftari hilo lina majina, namba za simu na madeni ya nyumba za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe pia. Lisilale wazi juu ya kaunta. Tena usimwahidi mteja nyongeza yoyote kwa sababu pesa zake zimekaa kwako. Ukishaanza kuahidi faida juu ya pesa za watu umeingia kwenye kazi ya benki, na kazi hiyo ina leseni yake.

Upande wa dini unalingana na busara hii. Kuzila pesa za arubuni mteja anaposhindwa kuendelea ni jambo ambalo wanavyuoni wengi wamelikataa, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya pwani yetu. Wa Hanbali wameliruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jidda lililikubali mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa wazi. Muulize shekhe unayemwamini. Mimi, hata nikiweka fatwa kando, ningemrudishia mteja pesa zake zote, nikakata tu gharama iliyotoka kweli kwa ajili yake, kama nauli ya mzigo ulioagizwa akaukataa. Duka linalotegemea faida kutoka kwa walioshindwa litajaribiwa kutamani watu washindwe.

Kwa agizo kuna jambo jingine la dini: huwezi kumuuzia mtu friji ambayo huna. Kadi iseme kwamba mpaka siku ya kuagiza, pesa ni amana na nyinyi mmeahidiana tu. Mauzo yanafungwa mali ikifika. Hilo linatatua na ugomvi wa bei. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka mpaka karibu 129. Aliyemfungia mteja bei ya friji kabla shilingi haijaanguka aliumia, na mteja aliyefungiwa bei ya juu naye angekuwa na haki ya kulalamika baadaye. Andika: bei ikibadilika tulipofika kuagiza, mteja ana hiari ya kuongeza, kuchagua nyingine, au kuchukua pesa zake. Kwa kuweka huna haja ya haya; mali umeshainunua, bei imefungwa, na hiyo ni zawadi kubwa unayompa mteja ambayo akiba ya kwenye simu haimpi.

Samani za kuchongwa zina njia yake. Kitanda cha samadari au kabati la fundi wetu hapa ni istisnaa, kumwagizia fundi kitu akitengeneze, na malipo ya awamu yanakubalika humo. Fundi anahitaji mbao mwanzo, msumari na vanishi mwisho. Malipo ya mteja yanaweza kufuata kazi hatua kwa hatua. Ukiwa na duka la samani, anza na hili kabla ya sofa za Mombasa. Hakuna boti, hakuna stoo, na mteja anaweza kwenda karakanani kuiona mbao yake.

Mkopo: kwa wachache

Njia ya tatu sitaikalia sana. Inauza haraka kuliko zote, na ndiyo inayofunga maduka. Kuongeza bei kwa sababu ya kungoja malipo kuna wanaoruhusu ikiwa bei imekatwa siku ya mapatano. Faini ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe, kwa hiyo silaha ya mkopeshaji wa kawaida huna. Sofa haina kufuli la mbali kama simu. Kwa mauziano yanayoangukia chini ya sheria ya ukodishaji-ununuzi (hire purchase), mteja akishalipa theluthi mbili huwezi kwenda kuichukua mali bila mahakama. Na hata kabla ya hapo, ni nani Amu atakayetuma vijana wakatoe kabati ndani ya nyumba ya watu, wanawake wakiwa ndani, majirani wakitazama? Deni la mvuvi aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, linamngoja arudi, na wewe unangoja naye. Kama unafikiria kukopesha kwa programu ya simu, Benki Kuu ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali tangu 2022 na utahitaji leseni.

Ukilazimika, wakopeshe walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wenye mshahara, kwa kiasi ambacho mshahara ukichelewa miezi miwili duka halitayumba. Basi.

Mshindani aliyeko mtaani

Mshindani wako wa kweli ni mchezo. Kina mama wanachanga kila wiki, kila mmoja anapata zamu yake, anakuja dukani na donge la pesa na anapatana bei kama tajiri. Mchezo una uhuru ambao kadi yako haina. Udhaifu wake ni zamu: harusi ni mwezi huu, zamu yako ni miezi mitatu ijayo, na aliyepata mapema anaweza kulegea.

Nionavyo, badala ya kushindana nao, wauzie wao kama kikundi. Kina mama kumi, kila mmoja shilingi 1,000 kwa wiki, na kila wiki seti moja ya vyombo ya shilingi 10,000 inakwenda kwa mwenye zamu. Duka linajua tangu mwanzo kwamba litatoa seti kumi kwa wiki kumi. Hakuna stoo ya kujaa, kwa sababu zinaletwa mbili mbili au tatu tatu. Hakuna pesa zinazolala, kwa sababu kila wiki zilizoingia zimetoka kama mali. Anayelegea anashughulikiwa na wenzake kama ilivyo kawaida ya mchezo, na wanamjua kuliko wewe. Unaweza kuwapunguzia bei kidogo kwa kuwa wamekununulia uhakika. Katika namna zote nilizozipima, hii ndiyo inayofanana zaidi na maisha yetu, na nashangaa kwamba wanaoleta mipango ya lipa polepole wanamfikiria mteja mmoja mmoja tu.

Msimu na bahari

Ratiba ya malipo ya kila mwisho wa mwezi ni ya mtu wa ofisini. Wateja wengi wa Lamu pesa zao zinafuata pepo. Kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, wavuvi wanatoka, wageni wamejaa Shela, mabaharia wa mashua wana kazi. Kusi ikivuma, na hasa Aprili mpaka Juni mvua zikiwa juu yake, mifuko inakauka, mpaka wageni waanze kurudi Julai na Agosti. Mwanamke wa kisiwa cha Pate anayechokoa pweza anapata wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi, maji yakikupwa mbali. Mpe ratiba ya bamvua na atalipa bila kukumbushwa. Mpe tarehe 30 na utamwona mkaidi bure.

Halafu kuna kalenda yetu nyingine. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka ukilinganisha na wa kawaida, lakini pepo hazirudi nyuma. Miaka hii Idi ya Mfungo Mosi inaangukia Machi, mwisho wa kaskazi. Hiyo ni bahati kwa biashara hii: anayewekewa vyombo vya harusi tangu Novemba analipa katika miezi yake minono na anamaliza Ramadhani. Mwaka 2018 Idi ilikuwa katikati ya Juni, na mpango huohuo ungewadai watu kusi ikiwa kali. Kwa hiyo ratiba ya mwaka huu isinakiliwe ya mwaka kesho bila kuangalia. Ikiwa harusi inaanguka baada ya miezi ya ukata, anza mapema zaidi na uruhusu miezi ya kulipa kidogo, iandikwe kwenye kadi tangu siku ya kwanza ili mteja asijione amevunja ahadi.

Maulidi ya Mfungo Sita nayo yanaleta watu na mauzo, ila ni ya nguo, manukato na vitu vya mkononi. Hayo yanalipwa papo hapo na hayahitaji kadi.

Na Malindi?

Aliyeko Malindi asome haya kwa tahadhari. Lori linafika mlangoni, Mombasa ni kilomita kama 120, na mzigo ulioagizwa asubuhi unaweza kulala dukani kwako. Stoo inapatikana na mkokoteni hauzuiwi na ukuta. Lakini wepesi huo ni wa kila mtu: mteja wako anaweza kupanda matatu akaenda kununua Mombasa, na wauzaji wa vifaa vya umeme mjini wana mikopo yao. Huko kuweka mali kubwa hakuna maana kabisa, kwa kuwa agizo linafika haraka. Duka la Malindi lingeshika agizo la muda mfupi, wiki sita hadi nane, na kikundi cha mchezo. Duka la Amu lina faida moja ambayo la Malindi halina: anayetaka friji akiwa kisiwani hawezi kwenda kuilinganisha bei maduka matano kwa mchana mmoja, na anayemletea mpaka mlangoni amempunguzia shida kubwa.

Ningeanzaje

Ningeanza na bidhaa tatu tu. Vifaa vya bweni kwa njia ya kuweka, Septemba mpaka Januari. Vyombo vya harusi kwa vikundi vya mchezo, Novemba mpaka Ramadhani. Friji na majiko kwa agizo, kwa wateja wasiozidi kumi kwa wakati mmoja mpaka nijue mkono wangu. Cherehani naziweka kundi la agizo pia, ingawa fundi cherehani anayeingojea miezi mitatu anapoteza miezi mitatu ya kipato. Kwake yeye mkopo mdogo, akiwa na jina zuri na mtu wa kumsimamia, unaweza kuwa wa haki zaidi kuliko kumwekea. Injini za mashua nisingegusa. Bei yake ni kubwa, hasara moja inaua duka, na mvuvi anaihitaji sasa.

Kadi ya mteja iwe na jina la kitu kwa ukamilifu wake, rangi na ukubwa, bei, muda, ratiba, nani anabeba hasara ya kuharibika, pesa zinarudishwaje na kwa siku ngapi, na nani atapokea mali mteja akiwa safarini au Mwenyezi Mungu akimchukua. Hilo la mwisho watu huona aibu kuliuliza. Uliza, andika, warithi wasije wakahangaika.

Msimu wa kwanza ukiisha, hesabu kadi zilizokamilika na zilizokatika, na ukae na waliokata uwasikilize. Ikiwa wengi walikatika mwezi wa tatu, ratiba ilikuwa ndefu. Fupisha muda na uchague mali ya bei ndogo kabla ya kufikiria kushusha bei. Ikiwa walikata wiki ya pili, hawakuuelewa mpango, na hapo kazi ni ya mtu wako wa kaunta. Na ikiwa katika msimu huo hata siku moja uliigusa ile akaunti ya wateja kwa shida za duka, rudisha pesa, maliza kadi zilizo mkononi, na usifungue mpya.